Mtembeza Wageni wa Plymouth

Watu wa Plymouth, mji mkuu wa kisiwa chetu kidogo jirani na Antigua, walimwita Thaddeus Greenaway "Meya," ingawa mji wetu haukuwahi kuwa na meya. Meli ya watalii ikitia nanga tu, yeye alikuwa ameshafika gatini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe Ismay, akiwapokea wageni kana kwamba kila jiwe la mji ule aliachiwa na babu yake. Mimi nilikuwa dereva wa teksi. Yeye aliwatembeza mjini kwa miguu, mimi nikawasubiri karibu na kanisa niwapeleke milimani. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Kama yupo mtu aliyeyasikia maneno yake mara nyingi kuliko Ismay, basi ni mimi, Riley.

Alianzia kwenye mnara wa saa, pale ufukweni, uliojengwa kuwakumbuka vijana wetu waliokufa katika vita vya Waingereza. Aliyasoma majina kwa sauti, moja moja, wala hakumruhusu mgeni kupiga picha kabla hajamaliza. Kisha aliwaingiza Mtaa wa Bunge, kwenye nyumba za zamani ambazo chini ni mawe na juu ni mbao, akawaambia wayapapase yale mawe.

"Haya yametoka Uingereza," aliwaambia. "Yalikuja tumboni mwa meli ili zisiyumbe baharini. Zikifika hapa zinashusha mawe, zinapakia sukari. Sukari ikaenda zake. Sisi tukabaki na mawe."

Wageni walicheka. Lakini walipofika mbele ya mahakama hawakucheka tena, kwa sababu hapo alivua kofia na kuwasimulia juu ya watumwa waliopanga kuasi siku ya Mtakatifu Patrick, wakijua mabwana zao wa Kiayalandi watakuwa wamelewa kwa sikukuu yao. Jinsi siri ilivyovuja, na jinsi walivyotiwa kitanzi. Alisimulia taratibu, kama mtu anayeongea habari za ndugu zake.

Dorcas, muuza viazi wa sokoni, hakumwacha apite hivi hivi.

"Meya! Leo umewanyonga tena wale maskini? Kila wiki unawanyonga! Waache wapumzike!"

"Nikiwaacha mimi atawakumbuka nani, Dorcas? Wewe? Wewe hata bei ya viazi vyako ya jana huikumbuki."

"Bei naikumbuka. Nikimwona mtu amechomekea shati kama wewe ndiyo inapanda."

Soko zima likaangua kicheko, na wageni wakacheka pia bila kujua wanacheka nini.

Mwishoni aliwaleta kwenye kanisa la Mtakatifu Anthony. Aliwaambia lilivyoanguka kwa tetemeko na kwa kimbunga na kujengwa tena, zaidi ya mara moja. Kimbunga Hugo tulikiona wenyewe. Kiliezua mapaa ya mji mzima kama mtu anayemenya ndizi. Thaddeus alipanda darini na nyundo akasaidia kupigilia paa la kanisa, na la jirani, na la mwisho likawa la nyumba yake. Nyumba hiyo ilikuwa nyuma ya kanisa, imejengwa na baba yake Ismay, na uani palikuwa na mpera. Ismay alipika halua ya mapera, akaikata vipande na kuwauzia wageni wa mumewe. Miaka michache baadaye mji ulikuwa karibu kumalizika kukarabatiwa. Maktaba ilikuwa mpya, rangi bado inanuka. Ndipo mlima wa volkano uliolala juu ya mji ukaamka.

Sitaeleza sana habari za mlima. Tulihama tukarudi, tukahama tukarudi, tukifagia majivu barazani kila asubuhi kama watu wanaofagia majani. Wengi tuliondoka mara ya mwisho tukiwa na nguo chache tu, tukidhani ni kama mara zilizotangulia. Ismay aliacha sufuria ya mapera mekoni, ameifunika.

Walitupeleka kaskazini. Sisi tulipewa ukumbi wa kanisa, vitanda vimepangwa kama hospitali, na kati ya familia na familia imetundikwa shuka. Thaddeus na Ismay walikuwa upande wa pili wa shuka langu. Nilisikia kila kitu chao, nao walisikia changu, na tulijifanya hatusikii.

Mwanzoni Thaddeus alikuwa furaha ya ukumbi ule. Jioni baada ya chakula watu walimwambia, "Meya, tutembeze," naye akasimama katikati ya vitanda na kuwatembeza Plymouth nzima kwa mdomo. Alikumbusha duka gani lilikuwa na ngazi mbovu, na baraza ipi walikaa wanaume wa kucheza domino. Watu walicheka na kukosoana. Tulikuwa bado tunaongea juu ya mji ulio mzima, ambao tumeuacha umefungwa tu.

Kisha ukaja Agosti. Mchana uligeuka giza, radi zikapiga ndani ya wingu la majivu, na siku zile mlima ulishusha wimbi baada ya wimbi la moto mpaka baharini, likipita katikati ya mji. Kijana aliyekuwa ameruka na helikopta alikuja ukumbini. Thaddeus alimshika mkono.

"Mahakama?"

"Imeungua, mzee."

"Maktaba?"

"Mzee, mji wote..."

"Sikukuuliza mji wote. Nimekuuliza maktaba."

"Imeungua."

"Kanisa?"

Yule kijana alitazama chini. Thaddeus aliendelea kumtajia, nyumba baada ya nyumba, mtaa baada ya mtaa, na yule kijana maskini alijibu kila mara, mpaka Ismay alipomshika mumewe begani akamwambia, "Inatosha, baba. Mwache mtoto wa watu."

Usiku ule hakuna aliyemwambia atutembeze. Wala hakuna aliyemwambia tena.

Serikali ya Uingereza, inayotutawala, ilitangaza kwamba anayetaka kwenda kuishi kwao atapelekwa. Ukumbi ulianza kupungua. Kila wiki shuka moja lilishushwa, na kitanda kikabaki na godoro tupu. Binti yao Jacinth alikuwa Birmingham tangu zamani, akawatumia ujumbe kwamba chumba kipo. Hapo ndipo niliposikia maneno ambayo ni heri nisingeyasikia.

"Thaddeus, tuondoke," alisema Ismay.

"Tuende tukafanye nini kule? Mimi nijue barabara gani?"

"Utajifunza. Hii yetu nani alikufundisha?"

"Hii nimezaliwa nayo."

"Haipo! Sikiliza, mume wangu. Mimi nimechoka kuvalia nguo chini ya shuka ili Riley asinione. Nimechoka kupanga foleni ya choo na kikombe cha maji mkononi. Nina miaka hamsini na sita, nalala kama mtoto wa bweni. Na wewe unabakia nini hapa? Utamtembeza nani? Utamwonyesha nini, majivu?"

Thaddeus akasema, kwa sauti ndogo, "Lazima abaki mtu anayejua vitu vilikuwa wapi."

"Basi jua na mimi nitakuwa wapi."

Tulimsindikiza kwenye gati jipya la kaskazini. Ismay alikuwa na begi moja la kuazima. Alimpangusa mumewe vumbi la majivu kwenye ukosi wa shati, ingawa lilikuwa linashuka lingine wakati uleule, akapanda meli. Hakulia. Kwangu alisema tu, "Riley, usimwache ale kisimamasimama." Thaddeus alisimama pale gatini hata meli ilipokwisha kuonekana, nami nikamwambia mvua inakuja.

*

Miaka ikapita. Tulipewa vijumba vya mbao kaskazini, mimi na yeye jirani. Mlima ulituliatulia, ukaamka, ukatulia. Wageni wakaanza kuja tena, kwa feri kutoka Antigua, asubuhi waje na jioni waondoke. Walichotaka kuona ni kimoja: mji uliozikwa. Kuna kilima upande wa kaskazini wa ghuba, ukisimama juu yake unauona wote. Nilinunua gari lenye viti vingi, nikamfuata Thaddeus.

"Kaka, wageni wamerudi. Njoo uwasimulie. Mimi nikiongea wanasinzia."

"Wewe ukiongea hata mimi nasinzia," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha tangu mkewe aondoke. Kesho yake akatoka na shati jeupe.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, Mungu ni shahidi. Bado vitu vilionekana. Mnara wa saa ulikuwa umezama nusu. Mapaa ya maghala, ghorofa za juu za maduka, kuta za kanisa. Thaddeus aligawa darubini, akanyoosha kidole, na mji ukasimama mbele ya macho ya wale wageni: hapa samaki, pale mapipa ya maji ya ndimu yakisubiri meli, pale mahakama. Aliwanyonga tena wale watumwa wa Mtakatifu Patrick, kofia mkononi, juu ya kilima kile chenye upepo. Nilimwona mama mmoja mzungu akifuta machozi.

Lakini mji ule haukufa mara moja. Kila masika mvua iliyapiga majivu ya mlimani ikayageuza tope, na tope likateremka bondeni na kuutandazia mji tabaka jingine. Tunakuja msimu huu, tunakuta ghala moja halipo. Tunakuja mwingine, mnara wa saa haupo. Kidole chake kilizidi kuonyesha pahali patupu.

Siku moja msichana mmoja mgeni alimwuliza, "Walikufa wangapi hapa?"

"Mjini? Hakuna. Tulikuwa tumeshahama. Waliokufa walikuwa upande wa pili wa mlima, mashambani. Mungu awarehemu."

"Ah," alisema yule msichana, akaishusha kamera yake. Hakuwa na nia mbaya. Ila uso wake ulionekana umepungukiwa kidogo, kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa mchuzi. Thaddeus aliuona ule uso. Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani.

Lililomvunja zaidi lilikuwa lingine. Dorcas, yule muuza viazi, alipata nafasi garini siku moja, anakwenda kumwona dada yake, tukapitia kilimani pamoja na wageni. Thaddeus aliwaonyesha ilipokuwa maktaba.

"Meya, umelewa?" alisema Dorcas. "Maktaba haikuwa hapo. Ilikuwa huku, karibu na lile jiwe kubwa."

"Jiwe lile halikuwapo, Dorcas. Limeletwa na tope."

"Ndiyo, lakini mahali ni palepale. Nilikuwa napita kila siku na kapu kichwani. Riley, mwambie."

Nikaitazama ile nchi ya kijivu. Nilitaka kumwunga mkono rafiki yangu. Lakini mimi nilidhani maktaba ilikuwa mahali pengine kabisa, kushoto, nikaonyesha bila kufikiri. Tukawa watu watatu wa Plymouth, tumezaliwa Plymouth, tunaonyesha sehemu tatu. Wageni walisubiri. Hakukuwa na cha kututhibitishia, wala ukuta, wala mti. Dorcas akacheka, akasema wazee tumekwisha, twende tukale. Thaddeus hakucheka. Alirudisha mkono wake chini polepole kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Tangu siku ile alianza kuniuliza maswali. Tunakula, ananiuliza, "Riley, ukitoka sokoni kwenda kwa mshona viatu, ulivuka mfereji au hukuvuka?" Nikisema nilivuka, anashusha pumzi. Nikisema sikumbuki, anasukuma sahani.

*

Kiangazi kimoja mlima ulitulia vya kutosha, polisi wakasema wenye nyumba wanaweza kuingia kwa saa chache, wakiandamana na askari. Thaddeus aliomba, akapewa. Nikaenda naye. Askari wetu alikuwa konstebo Farrell, kijana mpole mwenye redio kiunoni, na kazi yake ilikuwa kuisikiliza ile redio na kututoa mbio ikibidi.

Tuliacha gari penye lami ya mwisho, tukaendelea kwa miguu juu ya majivu yaliyogandamana. Nataka uelewe: tulikuwa tunatembea juu, usawa wa madirisha ya ghorofa. Nilichungulia dirisha moja kwa kuinama, nikaona meza ya ofisi na kalenda ukutani, na popo. Vichaka vya miiba vilikuwa vimeota juu ya mapaa. Hakuna sauti ila viatu vyetu na yale mabati yaliyokuwa yakigonga upepo ukivuma.

Thaddeus alianza kwa furaha. Alitembea mbele yetu kwa haraka hivi kwamba Farrell alimwomba apunguze.

"Hii ni mahakama," alisema, mkono juu ya ukingo wa ukuta. "Konstebo, vua kofia. Hapa ni mahakama."

Farrell alivua kofia. Mimi nilisogea nikatazama ndani ya ufa, nikaona mashine ya kupimia uzito, zile kubwa za sakafuni. Lilikuwa ghala. Yeye naye alikuja akachungulia, akaiona. Alikaa ameinama hapo kwa muda. Alipoinuka alisema, "Basi mahakama iko mbele. Tukikata kulia tunatokea kanisani, na nyuma ya kanisa ni kwangu."

Tukakata kulia. Hakukuwa na kanisa. Kulikuwa na uwanda wa mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, yaliyoshushwa na tope, na korongo ambalo maji yalikuwa yamelichimba. Alisema tumepita sana, tukarudi. Alisema hatujafika, tukaenda. Alipanda juu ya jiwe, akaangalia mlima, akaangalia bahari, ili ajue mahali kwa kupima kati ya viwili hivyo. Lakini bahari nayo ilikuwa imesogezwa, kwani mlima ulikuwa umeongeza nchi kavu pale ghuba ilipokuwa. Akashuka. Akaanza kuita majina ya majirani kwa mfululizo wa nyumba zao, akihesabu kwa hatua, na akifika mwisho wa mtaa anakuta korongo, anaanza upya.

Jasho lilimtoka, majivu yakamganda usoni. Redio ya Farrell ililia, wakasema muda umekaribia.

"Mzee, turudi," alisema Farrell.

Thaddeus alimgeukia. Sitausahau uso ule.

"Kijana," alisema, "hapa tuko wapi?"

Farrell alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Sijui, mzee. Mimi ni wa kaskazini, mji nilikuja utotoni tu, siku za sikukuu. Nilidhani wewe ndiye unayejua."

Thaddeus aliketi palepale chini, miguu mbele, kama mtoto aliyekataa kwenda shule. Tulimwinua mimi huku na Farrell huku. Alikuwa mwepesi. Alikubali kuongozwa mkono mpaka garini, ndani ya mji ambao alikuwa amewaongoza maelfu ya watu.

*

Ismay alipiga simu Jumapili, kama kila Jumapili. Simu ilikuwa kwangu, na Thaddeus alikuwa mbele yangu, kwa hiyo upande wake niliusikia, na upande wa Ismay pia, maana simu ile ilipaza sauti.

"Jacinth amesikia watu wameruhusiwa kuingia. Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Umeiona nyumba?"

Aliishika ile simu kwa mikono miwili. Nilidhani atasema. "Nimeiona," alisema.

"Yesu wangu. Imesimama?"

"Imesimama. Majivu yamefika madirishani, lakini paa lipo. Si unakumbuka nilivyolipigilia."

"Na mpera?"

"Mpera umekauka juu. Shina lina uhai."

Upande wa pili Ismay alilia, kilio kile cha mtu anayecheka. Alipokata simu nilimwambia Thaddeus, "Kaka, kwa nini?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mimi, mimi mwenyewe, nimepotea, Riley?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Wahenga hawakukosea waliposema njia ya mwongo ni fupi, kwani miezi haikuwa mingi Ismay alipiga tena na kusema ameacha kazi yake jikoni hospitalini, amekata tiketi, anakuja. Anataka aione nyumba ya baba yake kwa macho yake. Ikiwa mlima umetulia na paa lipo, alisema, huenda siku moja mtu akayachota yale majivu.

"Mwambie sasa," nilimwambia.

"Nitamwambia akifika."

Akafika, amevaa koti zito asilolihitaji, nywele zimekuwa nyeupe zote. Walikumbatiana gatini, watu wakapiga makofi, maana kisiwa chetu ni kidogo na kila mtu alijua. Usiku ule walikula mchuzi wa mbuzi kwangu, na Ismay alinitania kuwa nimenenepa. Thaddeus alicheka kwa kuchelewa, kila mara. Hakumwambia.

Mlima ulikuwa umeanza kufuka tena na mji umefungwa, kwa hiyo asubuhi niliwapeleka kilimani. Ismay alishika uzio wa pale ukingoni, akatazama. Alitazama muda mrefu.

"Iko wapi?"

"Pale," alisema Thaddeus.

"Pale naona tope."

"Kulia kidogo."

"Naona mawe." Alichukua darubini, akairekebisha, akaizungusha huku na huku. "Kanisa liko wapi? Nionyeshe kanisa, nyumba nitaitafuta mwenyewe."

Thaddeus aliinua mkono, ukabaki hewani hauelekei popote.

Ismay akaishusha darubini. "Thaddeus. Uliiona au hukuiona?"

"Niliitafuta, Ismay. Nilitafuta mpaka askari—"

"Sikukuuliza kama uliitafuta."

Upepo ulivuma. Mimi niligeuka nikatazama gari.

"Sikuiona," alisema.

Ismay hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza jinsi ya kupika kitu: "Nilifika kule nikalia mwaka mzima. Nililia ndani ya basi, nikalia nikiosha sufuria za watu. Halafu nikamaliza. Unanisikia? Nilikuwa nimeshaizika nyumba ya baba yangu, nimemaliza kilio, naamka asubuhi nakunywa chai kama watu wengine. Wewe ukaifukua. Umenifukulia ili nije niizike tena, na safari hii mbele ya macho yangu."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi," alisema Ismay. "Ndilo hilo."

Akaniomba nimteremshe.

Alikaa hadi feri nyingine. Alimpikia Thaddeus, alimfulia mashati yote, alimkata kucha za miguu kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeshaanza kukataa kuinama. Walikuwa wapole wao kwa wao kama watu wanaokesha na maiti. Hakumwambia waende wote, naye hakuomba. Siku ya kuondoka sikuona mtu akimpangusa mwenzake vumbi. Jumapili zilizofuata simu ililia mara moja moja, kisha alikuwa Jacinth tu anayepiga, kusalimia, na kusema mama amelala.

Thaddeus hakupanda tena kilimani. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia wageni wanamwulizia. Alisema, "Waambie chochote, Riley. Hawatajua. Hata sisi hatujui." Kwa hiyo ninawasimulia mimi. Yapo ninayoyakumbuka kwa kumsikiliza, na yapo ninayojazia, na nikimaliza huwa najisikia kama mtu aliyevaa viatu vya marehemu.

Yeye alipata kazi ya mchanga. Kampuni moja ilikuja na matingatinga, wanachota yale majivu na mchanga bondeni, wanayapeleka kwa malori mpaka gati la zamani, na kutoka pale kwa meli hadi visiwa vingine, kujengea hoteli. Kazi yake ni kusimama na koleo chini ya mkanda unaopakia, na kurudisha juu kile kinachomwagika. Ni kazi ya kijana, lakini walimhurumia.

Wiki iliyopita nilimpelekea chakula. Tulikaa kivulini mwa lori, akala shelisheli na samaki, kijivu toka nyweleni hata kwenye kope. Meli ilikuwa imejaa, imezama mpaka kwenye mstari wa kikomo cha mzigo.

"Hii ya leo inakwenda wapi?" nilimwuliza, nipate tu la kusema.

"Sikuuliza."

"Mkichota hivi miaka mingi, si mtafika chini siku moja?"

Alifikiri. Alitazama bonde, na mlima uliofunikwa na wingu lake juu.

"Mvua ikinyesha inajaza palepale tulipochota," alisema. "Asubuhi unakuta kama hukufanya kazi."

Msimamizi akapiga filimbi. Thaddeus alifunika bakuli, akanirudishia, akaegemea koleo kuinuka. Meli nyingine ilikuwa inaingia, tupu, imeelea juu sana majini, na mkanda ukaanza kunguruma tena.